Fensi ya Mzee Lemayian na Intaneti ya Mama Shiru

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha simu cha Kajiado, Msimamizi wa Laini hakunipa koleo wala bisibisi. Alinipa simu ya kupimia, ile yenye vibano viwili vya kunasa kwenye waya, akaniambia nikae chini ya nguzo nisikilize.

"Nisikilize nini, bwana?" nikamuuliza.

"Kimya. Ukishajua laini nzima inavyonyamaza, ile mbovu itakuita yenyewe."

Nilidhani ananifanyia mzaha kwa sababu mimi ni mgeni. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaenda kula, sikio moja limepata moto. Baadaye nilikuja kuona kwamba ndiyo kazi yenyewe, na mengine yote, ngazi, koleo na gundi, yalikuwa ya kurekebisha kile ambacho sikio limeshakipata.

Nyinyi vijana mnaofunga intaneti siku hizi mtanicheka, lakini sisi tulifanya kazi na shaba. Laini ya nyumba ilikuwa nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Hazikusokotwa kwa urembo. Umeme wa jirani ukipiga kelele, kelele hiyo huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, na kelele hizo mbili zikifika mwisho hufutana. Kiungo kikishika kutu, au fundi mvivu akiufungua msokoto zaidi ya inavyohitajika, waya mmoja hupokea kelele kuliko mwenzake. Hapo ndipo mambo huharibika.

Wakati wa simu tupu, kelele ilikuwa shida ya masikio. Mtu alisikia mikwaruzo, akapaza sauti, mazungumzo yakaendelea. Intaneti ilipoletwa kwenye nyaya zilezile, mambo yakabadilika. Modemu haijui kupaza sauti. Ikizidiwa na kelele hupunguza mwendo, kama mtu anayelazimika kusema neno mojamoja kwenye harusi yenye spika kubwa. Ikizidiwa kabisa, hukata na kuanza upya. Mwenye nyumba huona taa zikipepesa, naye hutukana kampuni.

Kutoka Kajiado nilipelekwa Kimana. Huko adui yetu alikuwa pampu za maji za wakulima wa vitunguu na nyanya. Pampu ikiwaka, laini za jirani zilinguruma. Halafu nikahamishiwa Kitengela, na huko ndiko nilikomaliza. Kitengela ilikuwa na kila aina ya kelele: mashine za kuchomea vyuma, mota za posho mill zinazosaga unga, chaja za bei rahisi, taa ndefu zilizozeeka. Kwa kuzitafuta nilibeba redio ndogo ya betri. Niliiweka kwenye mawimbi ya AM, mahali pasipo na stesheni, kisha nikatembea nayo. Ukikaribia kinacholeta kelele, redio huvuma zaidi. Mkuu wa Matengenezo aliichukia redio hiyo. Yeye alipenda tikiti, yaani malalamiko ya wateja kwenye kompyuta, zifungwe haraka.

"Hapa hatulipwi kutembeza redio," alikuwa akiniambia. Mimi nilikuwa nikimwitikia "ndio, mkuu," kisha naiweka mfukoni.

Mama Shiru alikuwa mjane aliyenunua ploti pembeni mwa Kitengela, kwa upande wa kwenda Kajiado. Alijipatia riziki kwa kuwajibu wateja wa kampuni ya ng'ambo, akiwa nyumbani kwake, kuanzia jioni wakati huko kwao kunakucha. Na kila jioni intaneti yake ilikuwa inakufa. Mafundi wawili walikuwa wameshakwenda kwake kabla yangu.

"Wamenibadilishia modem, halafu wananiambia nizime niwashe," alinipokea hivyo mlangoni. "Kwani mimi sijui kuzima na kuwasha? Sikiza, fundi. Nikipotea tena hewani hii wiki, niko nje. Wameniambia wazi. Na niko na watoto wawili shule."

Nilipima laini mchana ikawa safi kabisa. Hapo mtu wa haraka angefunga tikiti aende zake. Mimi niliomba chai, nikangoja. Jua lilipoanza kushuka, mifugo ya jirani ikarudi bomani, na mara nikasikia kwenye simu yangu ya kupimia: tik, tik, tik, bila kukosea mpigo. Taa za modemu zikazimika. Nilichukua redio yangu, nikaifuata sauti hadi kwenye mpaka wa ploti.

Jirani alikuwa Mzee Lemayian, yule aliyemuuzia Mama Shiru ardhi. Fisi walikuwa wakimmalizia kondoo, basi akafunga fensi ya umeme kuzunguka boma, akawa anaiwasha kila jioni. Mashine ya fensi ya namna hiyo hupiga mshtuko mfupi kwenye waya, kila sekunde moja hivi. Mnyama akigusa, umeme hupita mwilini mwake, huingia ardhini, na kurudi kwenye mashine kupitia erthi, yaani chuma kilichopigiliwa ardhini. Lakini kilikuwa kiangazi kikali na udongo ulikuwa umepasuka. Umeme ulikuwa ukivujia kwenye nyasi na vigingi, na badala ya kurudi kwa njia yake ukatafuta nyingine. Kebo yetu ilipita hapo hapo, sambamba na fensi, na viungo vyake vilikuwa vimezeeka.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa," akaitikia.

"Hii chuma ya erthi, huwa unaimwagia maji? Ikikauka fensi haishiki vizuri, na inasumbua laini ya mama."

"Fundi, ng'ombe hajakunywa. Mimi ninyweshe chuma?"

Maji alikuwa akinunua kwa lori, na mbele yangu ndama walikuwa wanalamba ndoo tupu.

Nikampigia Mkuu nikamweleza kwamba kebo inataka kuhamishwa. Akasema kuhamisha kebo kunahitaji idhini, labda kesho. "Mwambie huyo mzee azime, ufunge hiyo tikiti." Sikuwa nimempelekea mzee maneno hayo, kwa kuwa sikuyapenda, lakini Mama Shiru alikuwa ameshafika kwenye mpaka na kuyasikia, vifaa vya masikioni viko shingoni, machozi yanamlengalenga.

"Mzee, tafadhali. Zima leo tu. Kazi yangu inapotea."

Mzee Lemayian aliangalia kondoo wake, kisha akamwangalia yeye. "Leo nitazima," akasema. "Mimi na mke wangu tutazunguka na tochi. Wewe ongea na wazungu wako."

Zamu ya Mama Shiru ilienda bila kukatika hata mara moja.

Nilirudi asubuhi na idhini, ngazi na kebo mpya. Mzee alikuwa amesimama mahali ambapo fisi walipitia usiku, upande mmoja wa boma wakati yeye na mkewe wako upande mwingine. Fisi hao walikuwa wamebeba kondoo jike mwenye mimba. Nilitarajia matusi. Yeye aliniuliza tu, "Hiyo internet ilikuwa mzuri?"

Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyemla. Mama Shiru alikuwa ametoka kunisalimu, akasikia swali lile, akaketi juu ya jiwe na kanga usoni. "Ngai," alimwita Mungu, "ni mimi nimefanya hivi."

Niliisogeza kebo mbali na fensi, nikabadilisha viungo vyote. Mzee akawasha mashine tujaribu. Ile tik, tik ilipungua, lakini haikuisha. Nikamwambia Mama Shiru ukweli, kwamba mpaka erthi ipate unyevu, sina la kuongeza.

"Inataka maji masafi?"

"Haichagui. Maji ya sabuni ndiyo hata yanapitisha umeme vizuri zaidi."

Akainuka. Siku hiyohiyo alimwita fundi wa mabomba. Maji yake ya kuogea na kufulia, yaliyokuwa yakimwagika kwenye shimo nyuma ya nyumba, yakapitishwa kwenye bomba lililofukiwa chini ya mpaka hadi kwenye erthi ya Mzee Lemayian. Akafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Jioni fensi ikawashwa. Nikanasa vibano vyangu, nikasikiliza, na laini ikanyamaza vile nilivyofundishwa Kajiado. Yeye akavaa vifaa vyake akaanza kazi.

Sasa nimestaafu. Shaba imeng'olewa karibu kote, na nyinyi mnafunga faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, ambao kelele ya umeme haiwezi kuingia. Ni kitu kizuri na sikionei wivu. Ila ninawaomba msikimbilie kumwambia mteja azime awashe. Kaeni kidogo, ombeni chai, muone jirani yake anafanya nini.

Juzi nilipita kwa Mama Shiru. Na yeye amewekewa faiba, na bado anawajibu wale wateja wa ng'ambo. Nilipoona lile bomba bado linamwaga maji upande wa pili, nikamwambia, kwa ujuzi wangu wote, kwamba halina kazi tena kwake, na maji hayo angeweza kumwagilia sukuma wiki.

Alinishangaa. "Na fensi ya mzee itakunywa nini?"