Nilimsifia Mama Mkwe Filamu Ambayo Sikuimaliza

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ya barua hii ukaanza kunitafutia mtu wa kulaumu, jinsi nilivyofanya mimi mwenyewe kwa miezi mingi. Nilimlaumu aliyeniuzia kanda. Nikamlaumu jirani aliyefanya mzaha. Nikalaumu hata desturi za kwetu. Wote hao hawana hatia.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa pande za Malava, hapa Kakamega. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikatoka nyumbani, na tangu hapo kutulia kumenishinda. Nimefanya kazi Mombasa, Naivasha na Eldoret, na kote huko niliiacha kazi kabla haijaniacha. Nyumbani nilimwacha mke wangu, Felista, na watoto, Nekesa akiwa wa kwanza. Krismasi moja narudi, nyingine sirudi.

Unajua ni nini kilichomzuia Felista asiniache? Mama yake. Kila Felista alipofunga nguo zake akaenda kwao, mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamrudisha. Alimwambia kwamba mumewe ana miguu myepesi lakini roho yake si mbaya, siku moja atachoka. Ndugu zake Felista walitaka ndoa ivunjwe. Mama akakataa. Ndoa yangu ilisimama juu ya neno la yule mama, na mimi nililijua hilo vizuri.

Siku niliyochoka kweli, nilirudi nyumbani na televisheni ndogo na mashine ya kuchezea kanda za video. Sikuwa na kitu kingine cha maana cha kuonyesha.

Hapa lazima nikueleze ugonjwa wangu. Napenda filamu. Napenda sana! Mapenzi hayo yalianza utotoni, gari la sinema lilipokuwa likija kwenye uwanja wa shule. Walitundika kitambaa cheupe, wakatusifia sabuni weee, halafu ndipo picha zikaanza. Nikikumbuka zile nyasi na wale watu wa kijiji kizima wakicheka pamoja, hata leo naweza kuacha jembe katikati ya mstari nikasimama tu.

Lakini mapenzi hayo yalizaa kiburi. Nikawa mtu wa kutoa maoni. Filamu gani ni nzuri, kitabu gani ni upuuzi, mwimbaji gani amekwisha, nilitaka niulizwe mimi. Na ukweli ni kwamba mengi niliyoyasifu na mengi niliyoyaponda sikuyamaliza. Vitabu vilivyotandazwa chini pale mjini Kakamega nilisoma sura ya kwanza na ya mwisho, basi, nikatoa hukumu. Nyimbo nilizikata kwa ubeti mmoja. Kusema tu "hiyo sijaiona" kulinishinda.

Tena nilikuwa na sheria: filamu haikatizwi. Ikianza, imeanza. Jirani yangu Makokha aliwahi kuniomba niruke mahali ambapo watu wanaongea tu, nikamwambia aende akaangalie ng'ombe wake, hao hawaongei.

Basi nilipata kanda moja mjini. Ilikuwa hadithi ya mfalme wa kale, ile iliyomo katika Maandiko. Mwanzo wake nilikuwa nimeuona Eldoret, katika nyumba ya video, kabla umeme haujapotea tukatawanyika. Kulikuwa na kondoo, kijana mchungaji, vita, nyimbo za sifa. Safi kabisa. Nikasema, hii ni ya mama mkwe. Mama wa kanisa, hajawahi kuona filamu maishani. Nitamshukuru kwa kitu ninachokipenda mimi mwenyewe.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja. Wakiwa na neno, hupitishia kwa mtu wa tatu. Felista ndiye aliyepata njia. Tulisogeza televisheni mpaka ukutani, tukafunga kamba katikati ya sebule, akatundika leso zake mbili. Upande mmoja mama na wanawake wenzake wa kanisa, upande mwingine mimi na wanaume. Kila mtu aone picha, lakini tusionane sisi.

Akiwa anabana leso ile kwenye kamba, akaniuliza, "Umeiona yote?"

"Yote."

"Mpaka mwisho?"

"Mama Nekesa, mimi ndiye unaniuliza hivyo juu ya filamu?"

Nikamsimulia mwisho wenyewe. Mfalme amezeeka, anawabariki wanawe mmoja mmoja, watu wanalia kwa furaha. Yote niliyatunga papo hapo nikiwa nimeshika misumari! Felista akaridhika, akaenda kumwita mama yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Tuliziba madirisha kwa blanketi, jenereta ya kukodi ikanguruma nyuma ya ghala. Mama alipita mlango wa nyuma, mimi nikiwa nimegeukia ukuta kwa heshima, mpaka niliposikia ameketi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa tamu ajabu. Nilimsikia mama mkwe akicheka kondoo walipogoma kuvuka mto. Vita vilipoanza alisema "woi" polepole. Wimbo ulipokuja, wanawake waliupokea wakauimba na wao. Kifua kikanijaa. Nikatangaza kwa sauti kwamba bado, utamu wenyewe uko mbele.

Ndipo mfalme akapanda darini, akachungulia. Chini kulikuwa na mke wa askari wake, anaoga.

Nilidhani wataonyesha bega tu. Hawakuishia begani. Kisha yule mwanamke akaitwa ndani kwa mfalme, na sitakueleza yaliyofuata. Leso zilitutenganisha sisi, lakini tulichokuwa tukitazama kilikuwa kimoja. Mimi na mama mkwe wangu!

Makokha akakohoa. "Mwana wa Mombasa," akasema, "haya ni Maandiko ya wapi? Ya huko pwani?"

Vijana wakaangua kicheko. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya Felista, ya chini kabisa. "Baba Nekesa, zima."

Nilimsikia. Mashine ilikuwa karibu, ningeinua mkono tu. Lakini kuzima kungekuwa kukiri kwamba sikujua kilichokuwa mbele. Kwa hiyo nikasema, na maneno haya yatanifuata kaburini, "Filamu haikatizwi. Na hii ni Maandiko, mtu asijifanye hajui."

Nilimjibu Felista, lakini aliyeketi kando yake ni mama. Kila mtu mle ndani alielewa ni nani aliyeambiwa asijifanye.

Leso zikayumba. Nikasikia mkeka, nikasikia mlango wa nyuma, kisha wanawake wote wakitoka mmoja baada ya mwingine. Felista alitoka kumsindikiza mama yake. Na mimi? Niliendelea kutazama! Nilikaa pale na Makokha na vijana mpaka mwisho. Mfalme alizeeka kweli, lakini hakumbariki mtu, alikufa akitetemeka kwa baridi kitandani.

"Kumbe anakufa hivi!" nikasema.

Felista alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Sikuwa nimemwona.

"Kumbe hukuwa umeiona," akasema. Akaanza kuzifungua leso zake.

Kesho yake alienda kwao na watoto. Nilingoja arudishwe kama siku zote. Hakurudishwa.

Aibu kama hiyo kwetu ina dawa. Unapeleka kondoo, mzee wa ukoo anakuombea msamaha, mambo yanapoa. Nilipata kondoo mzuri. Baba yangu mdogo akakubali kwenda nami. Lakini moyoni sikuwa naenda kuomba msamaha, nilikuwa naenda kushinda. Ndani ya koti nilibeba Kitabu Kitakatifu, ukurasa nimeukunja.

Kwao Felista tuliwekwa nje chini ya paa. Mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, haonekani. Felista alisimama mlangoni ili maneno yapitie kwake. Baba mdogo aliongea vizuri sana, akasema kijana amekosa, amejua amekosa. Zamu yangu ilipofika nikafungua ukurasa nikaanza kuusomea ule ukuta. Nikasoma habari yote, dari, kuoga, kila kitu. Kisha nikauliza, kama imeandikwa humu na inasomwa kanisani, dhambi yangu mimi ni ipi?

"Funga hiyo kitabu," baba mdogo akaninong'oneza. "Umetuharibia."

Halafu mama akaongea, taratibu, bila hasira.

"Felista, mwambie huyo mtu hiyo habari naijua tangu nikiwa msichana. Huwanga naisoma mwenyewe na sioni haya. Lakini sijawahi kuisoma mkwe wangu akiwa ameketi hapo."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini desturi ni desturi, na Felista akanirudia yote, neno kwa neno, akinitazama usoni. Mara ya pili ndiyo iliyoniingia.

Baba mdogo akauliza kwa unyenyekevu kuhusu mke kurudi nyumbani.

"Mwambie kondoo nimempokea," mama akasema. "Ile haya imeisha, sina kinyongo. Lakini mambo ya Felista aulizwe Felista. Mimi kumsemea huyo mtu nimemaliza."

Wote tukamgeukia Felista. Alichukua kamba ya kondoo mkononi mwangu.

"Nitakaa hapa," akasema.

Sasa niko Chekalini, nimepanga chumba, nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Watoto huja likizo. Felista hunisalimia vizuri tukikutana sokoni, kama mtu anavyomsalimia mwalimu wake wa zamani. Ningekuwa na neno moja la kumrudisha ningelisema, lakini aliyekuwa na neno hilo hakuwa mimi.

Na jambo linalonikasirisha zaidi ni hili: bado naona ilikuwa filamu nzuri. Vile vita, ile sauti ya wimbo, mfalme anavyotetemeka mwishoni, we! Mtu akinichokoza leo nitabishana naye mpaka povu linitoke. Na pengine nitashinda. Nilishinda hata siku ile, hakuna aliyenionyesha kwamba imeandikwa vingine. Ushindi huo umenifaa nini?

Wewe unayependa kusifia watu kanda, vitabu na nyimbo, nisikilize. Usisifu kitu ulichokiona nusu. Kama hukukimaliza, sema, hutapungukiwa na kitu. Na hata ukiwa umekimaliza, kabla hujampa mtu, jiulize ataketi na nani akikitazama. Kizuri cha mtu peke yake si lazima kiwe kizuri cha watu wawili. Mimi hilo nililiona dogo mno kuliuliza.

Naishia hapa, maji yamechemka. Ugali wa mtu mmoja, ndugu zangu, haupimiki. Kila siku nasonga mwingi, na kila siku unabaki.