Gesi Nyuma ya Nyumba

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mavi ya nguruwe na maganda ya mihogo yaliyooza, naondoka haraka. Nilikuwa msichana mdogo kule Kapata, mkoani Katanga. Nyuma ya nyumba Tata, baba yangu, alikuwa amejenga tangi la saruji chini ya ardhi. Tulitia humo mavi ya nguruwe, mabaki ya chakula na uchafu wa choo. Gesi yake ilipita katika bomba la mpira mpaka jikoni, Mama akapikia bukari, ugali wetu.

Asubuhi moja vijana wenye mapanga walifika wakibiringisha tairi linalowaka. Siku hizo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, nasi tulikuwa wa huko.

"Mutoke! Murudie kwenu!"

Tairi likaelekea kwenye tangi. Tata akakimbia, mikono juu.

"Musilete moto pale! Gesi itapasuka, itaua batoto ya majirani!"

Walidhani anawatisha. Panga likainuliwa juu ya kichwa chake. Nikajikojolea.

Ndipo jirani yetu, mama wa kaskazini mwa Katanga, mwenyeji asiyefukuzwa, akasimama mbele ya tairi na mtoto mgongoni.

"Tata anasema kweli. Batoto yangu banalala nyuma ya huu ukuta."

Panga likashuka, lakini tukaamriwa kuondoka mara moja. Mama alifunga nguo. Tata alimwonyesha jirani namna ya kufunga bomba la gesi.

Njia nzima ya kwenda stesheni Mama hakunishika mkono. Alimshika Tata, kama mtoto anayeweza kupotea.