Kwenda Kanyangi Kuitafuta Sauti ya Syombua

Nilikwenda Kanyangi kwa sababu mama yangu alikuwa amekataa kula. Kila baada ya miezi kadhaa kaseti ilitufikia Kikima kutoka Kanyangi, imejaa sauti za wazee wa huko wakitusalimu, na kila ikija mama alinyamazisha nyumba nzima, akaisikiliza pande zote mbili akitafuta sauti moja tu, ya dada yake Syombua. Wenzake walisema, "Syombua pia anawasalimu," lakini mwenyewe hakusikika. Kaseti ya mwisho ilipoisha, mama alisukuma kando sahani ya muthokoi.

"Ndinda," akaniambia, "dada yangu amekufa na mnanificha."

Nikamwambia si kweli, wenzake wamesema anasalimu.

"Hizo ni salamu za kumtuliza mgonjwa. Nenda. Kama yupo, niletee sauti yake. Usiniletee maneno ya kuambiwa."

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mwalimu wa ngumbaru. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wengine wazee kabisa, na niliona jinsi mzee anavyopotea. Wiki hii magoti yanauma, wiki ijayo haji, halafu jina lake halitajwi tena mpaka siku ya matanga. Watoto wako Nairobi na Mombasa, jirani yuko shambani, na yeye yuko kitandani akisikiliza kuku. Kikundi chetu cha mwethya, sisi wanawake tuliokuwa tukichimba matuta pamoja, tukaamua kununua redio ya kaseti. Tulipita nyumba kwa nyumba tukirekodi sauti za wasioweza kutembea, kisha tukawachezea wenzao. Mambo yalikwenda vizuri hata tukanunua redio ya pili, tukaipeleka Kanyangi, kwa kuwa wazee wengi wa huko walitoka vilima vyetu hivi hivi wakitafuta mashamba. Pamoja na redio tulituma sheria moja: mashine isitoke kwa mwenyekiti wa huko. Yetu iliwahi kuazimwa kwa sherehe ya arusi ikarudi na sauti ya mtu mwenye kikohozi, na hatukutaka yao ipatwe na hayo.

Alfajiri nilipanda basi la kwenda Machakos. Kikima ilikuwa bado imefunikwa na ukungu, na baridi yetu ile ya vilimani inamfanya mtu aonekane ana huzuni hata kama hana. Mimi nilikuwa nayo. Mama alikuwa hawezi tena kuketi bila kushikwa, na nilijua nikirudi mikono mitupu hatakula.

Kutoka Machakos barabara ya Kitui inateremka kwenye joto. Pale Wamunyu wachongaji walikuwa wakipiga tezo kando ya barabara. Tulipovuka Mto Athi, maji yalikuwa machache, yamejibanza katikati ya mchanga. Ng'ambo ya pili udongo ni mwekundu na miti imekaa mbalimbali, kila mmoja na lake. Nilimfikiria mama mkubwa Syombua, mtu aliyezaliwa kwenye migomba na mito, akizeekea katika nchi hii. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika Mwikali, binti yake wa pekee. Wanawe wawili wako Mombasa na hawaandiki. Niliona aibu kwamba sikufika kwenye mazishi yale, ingawa mama alikuwa taabani wakati huo na hakuna ambaye angenilaumu.

Jioni nilifika Kitui, nikapokewa na Mama Zuhura, mwuza vitambaa, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara. Alinipa chai ya tangawizi na chapati. Katika chumba cha ndani redio ilikuwa ikisema peke yake.

"Ni mkwe wangu huyo," Mama Zuhura akasema. "Mama yake baba Zuhura. Toka asubuhi mpaka alale, redio haizimwi."

"Anapenda kusikiliza nini?"

"Hasikilizi kitu, mwalimu. Masikio yenyewe hayapo. Ataka tu nyumba isinyamaze."

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha. Nilimsalimia bibi yule, akanishika mkono akaushikilia muda mrefu, mpaka Mama Zuhura alipokuja kunitoa. Sikuwa na haraka ya kutolewa.

Kesho yake nilipata lori lililokwenda Kanyangi kuchukua ndengu. Dereva aliniweka mbele kwa heshima ya ualimu, kisha akanieleza njia nzima jinsi walimu walivyomchapa bure. Mchana tulifika sokoni, na kabla sijashuka niliisikia redio yetu. Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, inapiga kelele kama mnada. Nikasema moyoni, hawa wataiua.

Wazee walikuwa wameketi kwenye baraza ya duka moja la mabati, wengine wamejiziba masikio kwa viganja huku wakisikiliza. Ilikuwa kaseti ya Kikima. Nilisikia sauti ya mama yangu mwenyewe ikimwuliza Syombua yuko wapi. Mwenye duka, ambaye ndiye mwenyekiti, aliinuka kunipokea, nikamtambua. Alikuwa Musyoki, mume wa marehemu Mwikali.

Hapo nikaelewa.

Msomaji ambaye si Mkamba nimweleze. Kwetu kuna nthoni, heshima ya ukwe. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama aliyemzaa mke wake. Wakionana njiani, mmoja huchepuka kichakani mpaka mwenzake apite. Haingii alimo, haketi anapoketi. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na maneno yao hupitia kwa mke. Kikima siku hizo, kwa mahubiri na msongamano wa mashamba, watu walikuwa wameilegeza. Kanyangi hawakuilegeza. Nasi kamati, tulipotafuta mtunzaji wa redio ya Kanyangi, tuliuliza nani mwaminifu, nani ana mlango wa chuma, nani anauza mawe ya redio, yaani betri, dukani kwake, tukatajiwa mwenye duka la sokoni. Wakamba watupu tuliketi mchana mzima, na hakuna aliyeuliza mtu huyo ni mkwe wa nani.

"Mama mkubwa yuko wapi?" nikamwuliza Musyoki.

Akatazama viatu vyake. "Yule mama hajambo," akasema. Jina hakulitaja.

Mzee wa kike aliyekuwa karibu nami akanivuta kanga. "Pita nyuma ya duka," akanong'ona. "Lakini enda polepole, asishtuke."

Nyuma ya duka, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mama mkubwa Syombua alikuwa ameketi chini akisuka kiondo, sikio lake limegusa mabati. Alikuwa amekonda sana. Aliponiona hakuinuka. Aliweka kidole mdomoni, akanionyesha niketi, na tukaisikiliza kaseti pamoja hadi mwisho. Ilipokatika akakusanya nyuzi zake upesi upesi, akanishika mkono, tukatoka kwa njia ya uani kabla Musyoki hajaja kufunga dirisha la nyuma.

Nyumbani kwake ndipo nililia. Yeye hakulia. Alinipikia isyo ya mahindi na maharagwe, akaniuliza habari za mama kwa utaratibu, kuanzia miguu mpaka kichwa.

"Mama anadhani umekufa," nikamwambia.

"Nasikia vile anauliza. Kila mara nasikia. Sasa ningejibu namna gani? Kile chombo kiko kwa huyo kijana. Ni yeye anakishika, ni yeye anafinya. Nikienda pale, yeye ahame duka lake?"

"Si ungetuma mtu akuletee?"

"Mlisema kisitoke. Na mimi ningetuma nani, Ndinda? Aliyekuwa anatembea kati yetu si tulimzika."

Nilifikiria watu wawili waliompoteza mtu mmoja, wametenganishwa na ukuta wa mabati, kila mmoja anamheshimu mwenzake kiasi cha kutoweza kumpa pole.

Nilirudi dukani, nikamwomba Musyoki mashine. Akanipa papo hapo, na mawe mapya juu yake.

"Ulijua yuko pale nyuma?" nikamwuliza.

"Mwalimu, unafikiri naifungua kwa nguvu vile kwa nini? Hawa wazee wananitukana kila siku, ati nawapasua masikio. Na kaseti ikiisha nakaa kwanza, nahesabuhesabu vitu kwa duka, ndio yule mama apate nafasi ya kutoka."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Sheria ni yenu. Nisimame mbele ya watu niseme nini? Niseme naomba ruhusa kwa sababu ya mama ya Mwikali?" Alipolitaja jina hilo akageuka kupanga sabuni ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Alasiri ile nilimwekea mama mkubwa redio juu ya kigoda, nikamwonyesha pa kufinya na pa kuzima. Akaniambia nitoke nje, kwamba mambo ya mtu na dada yake si ya mwalimu. Nilikaa na mbuzi mpaka aliponiita. Alikuwa amejifuta uso. Upande mmoja, akasema, ni wa Nduku, ndiye mama yangu. Upande wa pili una maneno machache tu, nimchezee mume wa mwanawe halafu niyafute.

Nilifanya hivyo. Musyoki alifunga duka mchana mweupe, akasikiliza amesimama, kofia mkononi, mimi nikiwa nje nimewapa mgongo. Alipofungua mlango alisema tu, "Mwambie nimeshukuru." Nikafuta upande ule kama nilivyoagizwa. Kesho yake nilianza safari ya kurudi, Kitui, Athi, Machakos, kaseti nimeifunga ndani ya kitambaa kifuani.

Kikima nilifika saa za chai. Tayari nilikuwa nimekwisha kata shauri nitakalowaambia wenzangu, na baadaye walilikubali: mashine itembee, imfuate mzee alipo, na kabla ya kumchagua mtunzaji tuulize kwanza nani hawezi kuketi na nani. Tulikuwa tumedhani mpweke ni yule asiye na mtu karibu. Mama mkubwa alikuwa na kijiji kizima upande wa pili wa ukuta.

Nilimwegemeza mama kwenye mito, nikaiwasha kaseti. Sauti ya Syombua ikamwita, "Nduku." Kisha kimya. Niliruka nikidhani amebonyeza vibaya, lakini mama aliinua mkono kunizuia.

"Naam, dada," akaitika.

"Umeamkaje?" kaseti ikauliza, ikanyamaza tena.

"Nimeamka salama. Na wewe?"

Wakaendelea hivyo. Kila baada ya swali Syombua alikuwa ameacha nafasi ya dada yake kujibu, na nafasi ile ilimtosha mama sawasawa, haikumwacha wala haikumkimbiza. Walisalimiana, wakamwomboleza Mwikali, wakamcheka baba yao. Mama alikula uji akisikiliza. Mimi nililia kwa furaha, nasema wazi.

Mwishoni Syombua akauliza, "Utakuja lini, Nduku?"

Nafasi hii ilikuwa ndefu. Tulisikia mbuzi wa Kanyangi, tukasikia mtu anavuta pumzi. Mama alitazama miguu yake chini ya blanketi mpaka kaseti ikaisha ikajizima yenyewe.

"Nimekawia kujibu," akasema. "Weka nyingine, ya kurekodi."

Niliweka, nikabonyeza, nikamshika mabega ili akae wima. Akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mtu mwenye miguu mizima, "Dada, nitakuja mvua zikiisha."