Viti vya Komanda

Kule kambi ya Kingi, Verdiane alijulikana kuliko mume wake, sajenti Hilaire. Sare za wanafunzi, nguo za harusi, hata suruali za askari zilizopasuka magotini, zote zilipita kwenye mashini yake ya kushona. Kikosi kilipoamriwa kuhamia Walikale, alifunga mzigo mdogo: magodoro mawili, masufuria, na hiyo mashini aliyoizungushia blanketi.

Lori lilikodiwa kwa Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo. Jeshi lilimlipa kubeba vyombo vya kila familia kwa kipimo. Kinachozidi, mwenyewe anajilipia. Verdiane alikuwa ameshapanda juu ya mizigo alipoona askari wakipakia viti vikubwa vya komanda wa kikosi, kabati lake na friji.

"Muandike ku jina ya Hilaire," komanda akasema. "Yeye hana vitu mingi."

Verdiane akamtazama mumewe. Hilaire aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Matope ya msituni yaliwachelewesha sana njiani. Walipofika, Mbusa akamwita Hilaire. "Sajenti, muzigo yako imezidi. Ninangojea malipo."

"Viti si vyetu, Papa Mbusa," Verdiane akadakia. "Uliza komanda."

"Mama, macho ninayo. Lakini nikimudai mukubwa, gari yangu haitatoka huku. Jina iko ya bwana yako."

Akaagiza mashini ishikwe badala ya malipo. Ilikuwa nzito, na aliyesaidia kuinyanyua ni Hilaire mwenyewe.

Verdiane akakimbilia kwa Dancille, mke wa komanda, akamkuta anakagua viti vyake vilivyochafuka njiani.

"Mama, nakuomba, sema na mukubwa. Ile mashini njo inatulisha."

Dancille akampandisha na kumshusha kwa macho. "Tosha kwanza matope ku viti. Kisha tutaona."

Verdiane akateka maji. Akasugua viti vyote, hadi chini ya miguu ya viti hivyo, vidole vikamchubuka. Dancille akakalia kimoja, akajiegemeza.

"Iko muzuri. Kesho utakuja kufua mapazia."

Habari ya mashini hakuigusa.

Nyumbani, Hilaire alikuwa amekwisha kuambiwa. Akampiga kofi mbele ya majirani. "Nani alikutuma kwa muke ya mukubwa? Unataka wanipeleke musitu ya mbele, ku vita, nikafe?"

"Ungekufa, ningejua nilikuwa na bwana," Verdiane akajibu. Akapigwa la pili.

Asubuhi lori la Mbusa likaondoka kuelekea soko la wachimba madini. Hilaire ndiye aliyekuwa zamu kwenye kizuizi. Akainua mti, lori likapita na mashini nyuma, bila blanketi. Verdiane alisogea kando ya njia ili lipite. Kisha akaendelea kwenda kwa Dancille, kwa sababu nyumbani hakukuwa na unga.