Fizikia ya Mkondo wa Pili

Andika kama ninavyosema, usiongeze madoido. Mama yako hapendi kulizungumza jambo hili, na mimi sijawahi kulisimulia kwa utaratibu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Bibi yako ni dada yangu mdogo. Kwa hiyo mama yako nilimsemea mimi, tangu alipopewa jina mpaka alipoteremka mjini kusoma sekondari. Mimi mwenyewe sikuingia darasani hata siku moja. Hilo halikunizuia kujua mtoto anapoonewa na mtoto anapozembea, ingawa safari hii sikujua ni lipi kati ya hayo mawili, na ndilo lililoninyima raha.

Alipofika kidato cha tatu, shule iliwagawa wanafunzi wa fizikia katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ulisoma fizikia yote, pamoja na mtihani wa vitendo ambao kila mtoto huufanya peke yake mbele ya vyombo vya maabara. Mkondo wa pili ulisoma fizikia iliyopunguzwa, isiyo na vitendo, kwa ajili ya wale walioonekana wazito wa kuelewa. Aliyepitia mkondo wa pili hakuweza kuendelea na sayansi kidato cha tano. Mama yako alipangwa huko. Aliniambia wakati wa likizo, akichambua maharage, bila kuniangalia usoni.

“Unataka kubaki huko?” nilimuuliza.

“Sitaki, mjomba.”

Shule ilipofunguliwa nilishuka na kuku mweupe kwapani, kwa kuwa kwetu mlimani mtu haendi kusema jambo la mtoto mikono mitupu. Kuku hufungua maneno. Akishapokewa, watu huketi na kusikilizana.

Nilipita kwanza mtaa wa Mwembesongo kwa baba yake. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na kama wengi wa wakati ule alikuwa amegeukia mitumba. Nilimkuta akikung’uta makoti ya nchi za baridi.

“Shemeji, umeshuka na kuku? Unakwenda kuposa?”

“Nakwenda shuleni.”

Akaniambia kwamba yeye alikwisha kuitwa na alikubali. “Wamesema huko atafaulu kwa hakika. Kule kwingine anaweza kuanguka. Siku hizi aliyeanguka anaishia wapi? Anaishia hapa, ananishikia koti.”

Nilimbeba kuku wangu, nikaendelea na safari. Njia nzima niliyarudia maneno yake. Kama msichana angeanguka kwa sababu yangu, ni mimi ambaye ukoo ungeniuliza.

Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa kiti, akauliza mimi ni nani kwa mwanafunzi.

“Mjomba wake.”

“Baba yake alishafika, mzee.”

“Baba yake amemzaa. Wenye mtoto ni sisi.” Nikamwekea kuku juu ya meza.

Alisimama haraka kana kwamba nimeweka nyoka. Mwalimu wa pili, mama mmoja mnene aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, aliinua macho.

“Mzee, kuku huyu ni wa nini?”

“Ni wa kufungulia maneno.”

“Maneno gani? Mtu akisikia nimepokea kuku, atasema nimenunuliwa.”

Nilimweleza desturi yetu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza. Nilikuwa nimemtia mashakani mtu ambaye mtoto wangu alimhitaji. Mama yule ndiye aliyekata shauri. “Sasa huwezi kumpandisha wala kumwacha hivi hivi. Ukimpandisha ni kuku, ukimwacha watasema umekasirika. Mpime sasa, mbele yangu.”

“Darasani anajua,” mwalimu alisema. “Tatizo lake ni mikono. Akishika chombo anatetemeka. Ndiyo maana nilimpeleka mkondo wa pili.”

Wakamwita. Alituona, mimi na kuku, akafahamu yote. Aliniamkia kwa sauti ya chini, akaingia maabara. Mimi niliambiwa nimchukue kuku wangu nibaki nje, nikasimama kwenye dirisha.

Kazi aliyopewa ilikuwa kusawazisha rula ndefu ya mbao juu ya ncha ya chuma, kuning’iniza jiwe upande mmoja na kipande chenye uzito unaojulikana upande wa pili, kisha kutafuta uzito wa jiwe. Rula ilianguka. Aliiokota, ikaanguka tena. Mwalimu alitazama saa. Mimi nilikuwa nimemkaza kuku mpaka akaacha kulia, na kila rula ilipoinama nami niliinama, kana kwamba ningeweza kuirudisha kutoka pale nilipo.

Mama yako akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akatulia. Halafu akasema, “Mwalimu, naomba dirisha lifungwe. Upepo unaisogeza rula.”

Upepo wa mlimani ulikuwapo, sikatai. Lakini aliposema hayo alikuwa ananitazama mimi.

Mwalimu akaja, akafunga ubao wa dirisha mbele ya uso wangu. Nilibaki na ukuta. Mimi niliyemsemea siku zote sikuwa na la kusema wala la kuona, na ndani hakukuwa na sauti. Nilisikiliza kama rula itaanguka. Kila kiti kilipokwaruza sakafu nilisogeza sikio kwenye ubao.

Mlango ulipofunguliwa, mama mnene ndiye aliyetoka kwanza. “Amepata,” alisema. “Ahamie mkondo wa kwanza. Lakini vitendo vya mtihani wa mwisho ni vigumu kuliko hiki, mzee. Usije ukadhani kumekwisha.”

Mama yako alinisindikiza mpaka getini. Nilitaka kumwonya asome, asitie ukoo aibu, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yeye akaanza.

“Mjomba, siku ya mtihani wa vitendo usije.”

“Nani atakuwa upande wako?”

“Usije tu.”

Siku ile ilipofika, sikwenda. Nilishinda shambani na jembe mkononi, na jioni dada yangu alipopita aliniuliza kwa nini sikulima hata tuta moja.