Sato wa Baba, Mchuzi wa Watoto

Leo binti yangu wa miaka mitano amenianika kama dagaa wa Nkome, mbele ya benchi zima la zahanati.

Tulikwenda kwa ajili ya kifua chake. Nimonia tena, mara ya pili tangu mvua zianze.

Nesi alimpa dawa, kisha akaniuliza, "Baba Kabula, huyu anakula nini? Dawa inatibu, lakini mwili usiopata chakula cha kuujenga hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa."

Nikajibu kwa sauti ya mwenye mji wake, "Samaki, nesi. Kwangu samaki hakosekani."

Kabula akakohoa kwanza. Halafu akasema taratibu, "Samaki ni wa baba. Sisi tunachovya mchuzi."

Mama mmoja nyuma yangu akadakia, "Na hilo tumbo, shemeji, nalo ni la mchuzi?"

Benchi likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Tumbo lenyewe lilikuwa limeshanitangulia kwa nesi.

Ila ni kweli. Kwetu sato anatua kwenye bakuli la baba, na watoto wanangoja atakachobakiza. Na mimi, ndugu zangu, huwa nabakiza miba.

Akina baba wa Katoro, msinicheke peke yangu. Semeni hapo chini, kwenu mnofu unakwenda kwa nani?

Mchana huu nimemwekea Kabula mnofu wote kwenye sahani yake. Hakuugusa.

Alimgeukia mama yake, akamnong'oneza, "Baba naye anaumwa?"