Mvua ya Ulaya na Dagaa wa Ikola

Siku niliyomwonyesha shangazi tovuti ya kazi zangu, kule Ikola kando ya Ziwa Tanganyika, bado inaniuma. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa nimekuzidi miaka michache tu, kwa sababu na wewe unajifunza kuunda programu peke yako hapa Mpanda, na naona unapita nilikopita.

Shangazi alikuwa anaanika dagaa mchangani. Akafuta mikono kwenye kitenge, akashika simu yangu. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa wa hali ya hewa kwa kufuata video za mtandaoni, kama wanaoanza wote.

"Hii miji ya wapi?"

"Ulaya, shangazi."

"Sasa huko kukinyesha, dagaa wangu wanalowa?" Wenzake wakacheka. "Tutengenezee sisi. Wa kijiji cha pili wanaona wingu kabla yetu, lakini nani atatuambia?"

Nikatengeneza. Mtu mmoja wa kijiji hicho cha pili akituma ujumbe, waanikaji wote wa Ikola wanaupata, hata wenye viswaswadu, zile simu ndogo za vitufe. Nilipoijaribu, ilifanya kazi. Ila machoni pangu ilikuwa mbaya. Nikabadili rangi, nikabadili jina, nikafuta, nikaanza upya. Shangazi akipiga, "Vipi, tayari?" namjibu, "Bado, naipamba kidogo."

Mvua ikanyesha nikiwa bado napamba. Dagaa wakalowa, wakaoza. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Sisi tulitaka kuambiwa, baba. Mapambo tulikuomba lini?" Akaacha dagaa, akarudi kijijini kwao Kasekese kulima mahindi.

Baadaye nikaomba kazi. Aliyenihoji akaitazama tovuti yangu, safi kabisa, akauliza, "Nani anatumia hivi vitu?" Aliyevitaka nilikuwa nimeshamwangusha. Kazi sikupata.

Kwa hiyo unaponiuliza uweke kazi ngapi na rangi gani kwenye tovuti yako, nakujibu: anza na moja, inayotumiwa na mtu unayemjua kwa jina. Mpe ikiwa bado mbaya, atakuonyesha mwenyewe inapokwama. Kisha andika chini yake imemsaidia nani na ilishindwa wapi. Usione aibu. Mimi hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya kabla ya kukutumia. Ugonjwa haujapona.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza "tayari?", na akupe moyo wa kumjibu "shika", dagaa wake wakiwa bado wakavu.